Waya Mdomoni

Siku hiyo jua la Garsen lilikuwa linachemsha maziwa ng'ombe hajakamuliwa. Ndiyo maana Tadicha, mchinjaji, alijipenyeza ndani ya kontena la baridi, nyuma ya mbuzi waliochinjwa na kuning'inizwa tayari kwa meli ya Jeddah, apoe kidogo tu.

Mlango ukafungwa. Sili ya forodha, isiyovunjwa mpaka Jeddah, ikabanwa.

Alipiga ngumi, akaita, lakini mashine ya baridi ilinguruma kumshinda. Ndevu zikamganda kama miiba ya mgunga.

Ndipo akauona waya wa kupimia baridi. Mashine ikidhani ndani kuna joto, si watafungua? Akautia mdomoni, akaupumulia kama ampumuliavyo ndama aliyezaliwa mvuani.

Mashine ikalia pii, pii! Nje, dereva akaizima aikague; sauti zao zikapenya hadi ndani.

"Fundi! Nyama inapata joto, wallahi!"

"Tufungue?" fundi akauliza.

Tadicha hakuthubutu kuutoa waya aite, joto lisije likashuka kabla hawajafungua.

"Ufungue nini, bwana we?" dereva akamaka. "Sili ivunjwe, meli ituache? Washa, ongeza baridi mpaka mwisho!"

Tadicha akautema waya apige kelele. Mashine ikanguruma tena, ikamshinda.