Kidude cha Juu ya Kabati

"Mama, chomoa tu," alisema binti yangu, huku akipangusa vumbi. "Nani anaangalia? Baba alikuwa anampigia mbuzi gitaa."

Kidude chenyewe aliniachia marehemu mume wangu, kidogo kama kipande cha sabuni, kina taa ya kijani. Umeme ukikatika ukarudi, kampuni ya intaneti huipa nyumba yetu namba mpya. Kazi ya kidude ni kuitangaza namba hiyo, ili anayejua jina la nyumba mtandaoni aone picha za kamera ya barazani popote alipo. Mume wangu alimtumia jina hilo kifungua mimba wetu, aliyeondoka kwa ugomvi. Hakujibiwa mpaka anazikwa.

Nikachomoa. Kilikuwa na joto, kama sikio la mtoto mwenye homa.

Mchana umeme ukakatika, ukarudi. Nilikuwa barazani nachambua mchele simu ilipolia, namba ngeni.

"Mama?" Sauti imekuwa nzito, lakini ni yeye. "Mama, nyumba siioni. Kiti chako sikioni. Mko salama?"

"Tangu lini unakiona kiti changu, wewe?"

"Kila siku, Mama."

Binti yangu, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akaliachia tambara likaanguka.

"Usikate," nikamwambia kaka yake. Nikaingia ndani, nikakichomeka kidude, nikangoja mpaka taa ikawa ya kijani. Halafu nikabadilisha gauni kabla ya kurudi barazani.