Sikio la Baharia

Picha zote za babu akiwa mwanamaji wakati wa vita zilikuwa na doa jeupe kwenye sikio la kushoto. Ni unyevu tu, bibi alikuwa akisema, na Tausi aliamini hivyo mpaka asubuhi alipofungua fremu ili asafishe kioo, akakuta picha nyingine imefichwa nyuma. Kijana wa sare nyeupe anacheka mbele ya manowari, na sikio lake la kushoto lina tundu.

Huku kwao, mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya nduguze kufa alitobolewa sikio, ili kifo kimwone ana kasoro kimwache. Tausi akachungulia uani. Babu alikuwa akiota jua, masikio yake mazima yote mawili.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Si ndiye babu yako huyo, kabla hajaenda vitani."

"Na tundu hili?"

"Liliziba."

"Tundu la tangu utotoni, bibi?"

Bibi naye akachungulia uani, akamtazama mzee wake kwa muda. Kisha akaichukua ile picha, akalilamba dole gumba lake, akaanza kulisugua sikio la yule kijana taratibu.