Mkebe wa Udongo

Jumaa alimkabidhi Watiri mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa udongo, bila kumtazama usoni. Msichana huyo wa chuo kikuu alikuwa amemwachia mkebe mtupu jana yake, akikimbilia basi.

"Hii ni udongo ya hapa nyuma ya kibanda, sivyo? Hapo unamwaga asidi?"

"Ndiyo, daktari. Hapo hapo."

Jibu hilo lilimsumbua mchana kutwa.

Kwa miaka kumi na minne Jumaa alikuwa fundi wa betri za magari mjini Nyeri. Alizipasua, akayeyusha madini ya risasi kwenye karai, na asidi akaimwaga nyuma ya kibanda. Sasa mbuzi wawili wa jirani walikuwa wamekufa baada ya kula majani hapo, na malalamiko yamefika baraza la mji. Udongo ukionekana na sumu, kibanda kitafungwa, na mkewe Mishi alikuwa amebakisha miezi mitatu ajifungue.

"Mzee, mimi sitafuti makosa yako," Watiri alikuwa amemwambia. "Natafuta bakteria. Ni wadudu wadogo, huwezi kuwaona. Kuna wengine wanakamata risasi, wanaifunga isiende kwa maji. Nikiwapata, watatusafishia mto."

Jumaa hakuamini hata nukta. Nani hupanda basi kutoka Nairobi kutafuta mdudu asiyeonekana?

Jioni alitembea nusu saa hadi nyumbani, mtaa wa Majengo. Kama kawaida alivua ovaroli nje, akaikung'uta kando ya jikoni, akaisuuza na kumwaga maji pale pale. Hakuingia ndani na uchafu wa kazi, sembuse kusali nao. Kwa hilo angalau alijisifu.

Mishi alikuwa ameketi hapo akitafuna kipande cha udongo alichochokoa chini ya ukuta, kama wajawazito wengi.

"Ule wa sokoni hauna ladha," alisema. "Huu wetu unanukia mvua. Nikiwa na mimba ya Saumu, nusura niumalize huu ukuta wa jikoni kwa kuula!"

Saumu, binti yao wa miaka sita, alicheka. Kucheka alijua, neno hakuwahi kutamka hata moja. Majirani walinong'ona kwamba ni ile kazi ya babake. Jumaa aliona haya kumtazama mtoto wake mwenyewe. Lakini Saumu hajawahi kukanyaga kibandani, alijiambia, kama alivyojiambia kila siku. Na huyu anayekuja hatakanyaga pia.

Wiki sita zilipopita, Watiri alirudi kibandani akicheka peke yake.

"Mzee Jumaa! Nilichukua udongo mahali kumi na mbili. Bakteria wa mkebe yako wameshinda wote. Risasi wanaimaliza ati!"

Jumaa alishusha pumzi. "Kwa hivyo udongo wangu ni msafi?"

"Msafi? Hapana, mzee. Bakteria hawawezi kuzoea risasi kama haiko. Hawa wamekaa ndani yake miaka mingi. Hiyo udongo ni sumu tupu. Hata kuku usiache idonoe hapo."

Koleo lilimponyoka Jumaa mkononi.

Mkebe ule hakuujaza kibandani. Aliujaza nyumbani, alfajiri, chini ya ukuta wa jikoni.