Fahali wa Langoni

Siwatu alishuka ngazi, akafuta brashi kwa upindo wa kanga, akasubiri. Majuma matatu alikuwa akifika mnadani kila asubuhi kuwatazama ng'ombe, ndipo akamchora fahali mwekundu kwenye ukuta wa lango. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchora hapo. Mzee Lugongo, dalali mkuu, akimkataa, ukuta utapakwa chokaa kabla ya adhuhuri.

"Dada, huyo anakamuliwa?" dalali mmoja akauliza, na wenzake wakaangua kicheko.

Mzee Lugongo hakucheka. Alimkagua fahali wa ukutani kama wakaguavyo mnyama wa kununua: macho, nundu, mgongo, kisha akashuka polepole hadi kwenye kwato.

"Binti yangu," akasema, "fahali wako ana kilema. Mguu wa nyuma wa kushoto haukanyagi sawasawa."

"Si tulisema!" wakadakia wale wengine. "Leteni chokaa!"

"Sikukosea, mzee," Siwatu akajibu. "Ni yule wako mwekundu, pale zizini. Nimemchora asimamavyo."

Kicheko kikakatika. Wote wakageuka. Zizini fahali alikuwa amesimama vilevile, ukwato wa nyuma wa kushoto ukigusa ardhi kwa ncha tu.

"Miaka minne namlisha kwa mkono wangu," mzee akanong'ona, "na sikuliona hilo."

Hakutaja chokaa. Alimpa Siwatu fimbo yake amshikie, akapiga goti mbele ya ukuta, akanyoosha mkono kwa upole kuuinua ule mguu wa ukutani, ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi.