Alivyokuwa Kabla ya Kuanguka

"Alikuwa anaosha vyombo," mshonaji alijibu bila kupepesa macho. "Kila siku, daktari. Sufuria anazisugua mpaka kwenye makalio."

Daktari wa ubongo akaandika. Fundi wa paa alikuwa ameanguka kutoka juu ya nyumba ya watu, kichwa kikatangulia, na sasa alikaa kitandani akitabasamu kama mtoto aliyeshiba.

"Wewe ndiye mkewe, nieleze yote," daktari alisema. "Nisipojua alikuwaje kabla, siwezi kutabiri akili yake itarudi kiasi gani."

"Alikuwa anapika. Hanuni. Na mimi nikiongea, ananyamaza ananisikiliza."

"Mwanamume huyuhuyu?" nesi aliuliza.

"Huyohuyo, dada yangu."

Basi yakapangwa mazoezi ya kumrudisha fundi alikotoka. Akapewa sufuria, akasugua. Akapewa viazi, akamenya.

"Umeanza kukumbuka, eh?" nesi alimpongeza.

"Nakumbuka, nakumbuka," akajibu maskini, ambaye maishani mwake hajawahi kushika mwiko.

Siku moja nesi alimwonyesha fundi yule mshonaji. "Na huyu ni nani?"

"Mke wangu," fundi akasema, kama alivyofundishwa.

Mshonaji akaangua kilio utadhani kaposwa leo. Nesi naye akajifuta machozi.

Balaa lilikuwa daktari. Alikuja amechangamka, meno yote nje.

"Habari njema! Anavyokwenda, kumbukumbu zitarudi zote. Utampata yuleyule wa zamani."

"Yuleyule?" Mshonaji moyo ulimlipuka. "Daktari, hamna dawa ya kumwacha hapohapo alipofika?"

Daktari akacheka, akidhani ni utani. Kabla hajamaliza kucheka, akaingia mama mzazi wa fundi, ametoka safari ya mbali, bibi ambaye hajawahi kummezea mtu neno.

"Afadhali umekuja, mama," daktari alisema. "Hebu tuambie, mwanao zamani alikuwaje?"

Mshonaji akainamisha kichwa, akangoja kuumbuliwa.

Bibi akamtazama mwanawe, kajifunga aproni, anafuta vikombe huku akiimba. Akamtazama mshonaji. Akarudi kwa mwanawe.

"Alikuwa hivyohivyo," akasema. "Na mimi mama yake alikuwa ananitembelea kila wiki. Andika na hilo."

Daktari alipotoka, bibi akamvuta mshonaji pembeni.

"Kimbia ukamlete mtu wa kufungisha ndoa, binti, kabla mwanangu hajakumbuka kwamba hana mke."