Ushuru wa Uchakavu

Mzee Nandonde alikuwa ameuza shamba lote la mikorosho ili aagize kutoka Japani gari la kumpeleka mkewe kliniki ya figo. Bandarini, karani alimtangazia kwa heshima zote kwamba gari lenyewe ni zee, hivyo linadaiwa ushuru wa uchakavu unaozidi bei aliyolinunulia.

"Hata mimi nimechakaa, mwanangu. Mbona hamnitozi?"

"Wewe huna namba ya chesisi, mzee. Usipolipa leo, kesho tunalipiga mnada."

Akaomba walau aliage. Akaketi, akaliwasha. Sauti laini ya kike ikatoka kwenye redio, ikasema maneno marefu ya Kijapani. Mzee akavua kofia.

"Amina," akajibu, akashika usukani, akingoja sauti iendelee.