Wadudu wa Mguu wa Mama

Jirani yetu Akiror anaapa kwamba kidonda cha mzee wake kilifunga alipokipaka maji ya ndulele, yale matunda ya mwitu ya manjano ambayo mbuzi akiyala anakufa.

"Basi mpikie na supu yake," nilimtania.

Lakini hospitali iliposema mguu wa mama ukatwe Jumatatu kwa sababu ya kidonda kisichofunga, nilimpeleka Busia kwa mtafiti anayepima dawa za miti, pamoja na kikapu cha ndulele. Mtafiti alipangusa kile kidonda kwa pamba, akaniambia nirudi kesho kutwa.

Niliporudi alinionyesha kisahani cha kioo chenye kifuniko. Ndani kulikuwa na kitu kama uji ulioganda, na juu yake utando mweupe.

"Hawa ni wadudu wa mguu wa mama yako, nimewaotesha kutoka kwenye ile pamba," alisema. "Wako hai."

Niliinama mpaka pumzi yangu ikaacha ukungu kwenye kifuniko. Katikati alikuwa ameweka kikaratasi kilicholoweshwa maji ya ndulele. Palipokizunguka palikuwa safi kabisa, kama uwanja uliofagiwa asubuhi. Wale waliomla mama tangu Krismasi walikuwa wamesimama pembeni, hakuna hata mmoja aliyevuka.

Nywele zilinisimama. Hata mtafiti alikuwa akinong'ona.

"Sijawahi kuona hivi. Lakini dada, hiki ni kisahani. Kwa nyama ya mtu sijui itafanya nini."

"Na mimi sijui," nilisema. "Daktari, mpigie yule wa upasuaji. Mwambie asikate kwanza."

Alikitazama kisahani mara moja tena, kisha akachukua simu.